Ndege Apitaye Ni Amana ya Nani?

Miongoni mwa maswali yanayompasa mwanadamu kujiuliza, moja ni hili: tuna wajibu gani kwa kitu ambacho si mali yetu, hakikai kwetu, wala hakitatushukuru? Swali hili nilikutana nalo nikiwa mwanafunzi, juu ya rasi ya mawe karibu na Kipili, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, Mkoa wa Rukwa.

Mwalimu wetu mmoja alipenda sana ndege. Mwezi wa Novemba alinipa daftari na penseli, akaniagiza nipande rasini kila asubuhi kabla ya masomo, nihesabu korongo weupe wapitao kuelekea kusini. Furukombe na mnandi nisiwahesabu, maana hao ni wenyeji. Nilikwenda siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilijifunika blanketi, na baadaye nikaandika: "Korongo 14", hesabu ile ile ya jana yake. Mwalimu alilipokea daftari, akanisifu kwa bidii yangu. Hakuna aliyejua. Basi nilimdhulumu nani? Ndege hawakupungua kwa uongo wangu, wala hawakuongezeka.

Ili tulijibu swali hilo, yafaa kwanza tumjue ndege mwenyewe. Korongo mweupe huzaa Ulaya, na baridi inapokaribia husafiri hadi Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Kwa kuwa huelea juu ya hewa ya moto ipandayo kutoka nchi kavu, huepuka kuvuka bahari pana. Wale wajao kwetu huzunguka kwa mlango wa bahari wa Bosphorus, kisha wakafuata bonde la mto Naili. Yapata Machi na Aprili huwa njiani kurudi.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege wao waendako. Wako waliodhani kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji ya maziwa mpaka baridi iishe. Na Mwingereza mmoja wa karne ya 17 alifikiri kuwa ndege huenda mwezini. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa na mshale wa Kiafrika umepenya shingoni. Ndege huyo aliyekaushwa angali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mshale ule ulikuwa ushahidi kwamba ametoka Afrika. Hebu tutafakari: huku alichomwa mshale, kule akapigwa risasi. Kila upande ulimjua nusu, na kila upande ulimjua kwa kutaka kumwua.

Baadaye ikapatikana njia iliyo bora. Mwaka 1899, mwalimu wa Denmark aitwaye Mortensen alianza kuwavisha kwezi pete nyepesi za alumini zenye namba. Hapa Afrika ya Mashariki kazi hiyo inajulikana sana huko Ngulia, Tsavo, nchini Kenya. Tangu 1969 ndege wanaovutwa na taa za hoteli katika usiku wa ukungu hunaswa kwa nyavu, huvishwa pete, huandikwa, kisha huachiliwa waende zao. Aandikaye Ngulia pengine hatakutana kamwe na yule atakayeiokota pete hiyo Ulaya. Kinachowaunganisha ni kimoja tu: kila mmoja anaamini kwamba mwenziwe ameandika alichokiona.

Hapo ndipo nilipolipata jibu langu. Niliyemdhulumu ni mtu wa rasi ya pili, nisiyemjua, ambaye angeitegemea hesabu yangu. Hakuna kijiji kimoja kinachoiona safari nzima ya ndege. Kila mmoja wetu anaona kipande, na anayeghushi kipande chake huwapofusha wote.

Wako watakaosema: mvuvi wa dagaa mwenye watoto wa kulisha ana haja gani na korongo wa Wazungu? Neno hilo lastahili jibu. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mahali wanapozaliana nzige wekundu, ambao kati ya 1930 na 1944 walienea nchi nyingi za Afrika na kuangamiza mazao. Mwaka 1949 serikali mbalimbali ziliungana kuanzisha huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Korongo hula nzige. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu huja na jembe lake mkononi.

Lakini tusimheshimu kwa sababu ya jembe peke yake. Kama asingelikuwa na faida yoyote, angalibaki amana. Mila zetu zaijua amana: msafiri akikuachia furushi lake, hulifungui, na hulipunguzi kwa sababu mwenyewe yuko mbali. Furushi hili wameliacha watu wa kaskazini mikononi mwetu, nasi kila Machi twaliacha mikononi mwao.

Tangu wakati ule nimekaa ofisini miaka mingi, nikiandika taarifa za mavuno na za mahudhurio. Nimeona jinsi tarakimu nzuri isiyo ya kweli inavyoweza kumwacha mkulima bila chakula cha msaada, kwa kuwa katika karatasi ghala lake limejaa. Uongo huo ni ndugu wa ule wa korongo kumi na wanne.

Kwa hiyo, enyi walimu, wapeni wanafunzi daftari na muwapeleke nje. Msiwasifu kwa wingi wa hesabu. Wasifuni kwa ukweli wake. Nanyi wanafunzi, siku msiyokwenda, andikeni kama nilivyopaswa kuandika mimi: "Mvua. Sikwenda."