Naomba Sikukuu Yangu

Kwetu sikukuu si tarehe tu, ni kitu kinachodaiwa. "Naomba sikukuu yangu," mlinzi anakuambia getini tarehe 24 Desemba, na hakuna anayehitaji tafsiri. Zanzibar kuna mkono wa Idi: mtoto ananyoosha kiganja bila haya, anapewa, anakwenda zake. Wengine huomba kwa simu, na ukituma wanakumbusha uweke na ya kutolea. Haya yote sioni shida nayo. Mkubwa anampa mdogo, na mdogo atakua, naye atafuatwa na viganja vyake.

Ofisini ndiko hesabu inakovurugika, kwa sababu pale tunajifanya sote ni sawa.

Ninafanya kazi ya muda katika ofisi moja Dar es Salaam huku nikimalizia shahada ya uzamili. Kila Desemba majina huandikwa kwenye vikaratasi, kila mtu anachota kimoja na kumnunulia mwenye jina zawadi kwa siri. Kiwango ni shilingi 20,000. Mwaka jana ukazuka ubishi: dada wa usafi naye aandikwe? Si mwajiriwa wetu, analetwa na kampuni iliyopewa zabuni, ingawa ndiye pekee anayejua nani hatumii sukari. (Tunamwita "dada" lakini ana mtoto wa kidato cha nne, na mimi humwamkia shikamoo.) Mmoja alisema kumwacha ni ubaguzi. Mwingine akasema kumwandika ni kumtoza elfu ishirini wakati ada za Januari zinambishia hodi. Ndipo wa tatu, kwa nia njema kabisa, akapendekeza jina lake liandikwe apokee, ila yeye asichote.

Karibu wote walikubali. Mimi nilikataa, na bado nakataa.

Marcel Mauss, Mfaransa aliyechapisha insha yake maarufu juu ya zawadi mwaka 1925, alieleza kwamba zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Anayepokea bila nafasi ya kurudisha hubaki chini. Kwa mtoto wa mkono wa Idi hilo si tusi, maana kuwa chini ndiyo hali yake kwa sasa. Lakini mtu mzima anayekaa nasi chumba kimoja? Tunaandika kwenye khanga kwamba kutoa ni moyo, si utajiri, halafu tunamnyima mwenye kipato kidogo nafasi ya kuonyesha huo moyo.

Nchi hii imewahi kubishana jambo linalokaribiana na hili, tena mahakamani. Mabadiliko ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliifuta. Sote tunakumbuka hoja ya rushwa, lakini ilikuwapo nyingine: kwamba takrima inambagua mgombea asiye na fedha. Ukarimu ukishageuzwa kuwa kiingilio, fukara anafungiwa nje hata kama hakuna aliyehongwa.

Hoja yangu basi ilikuwa tushushe kiwango, tusimshushe mtu. Elfu tatu inatosha. Desemba ni msimu wa maembe. Mhasibu akaguna: je, ukimchota bosi, utampelekea maembe? Swali hilo lilinifundisha mengi kuhusu ile elfu ishirini. Haikuwahi kupangwa kwa kumfikiria mwenzako wa meza ya pili. Ilipangwa kwa hofu ya kikaratasi kimoja. Mkono mtupu haulambwi, na sisi tulikuwa tunapaka mkono asali mapema.

Nilimfuata yule dada jikoni, nikamuuliza mwenyewe angependa nini. Aliendelea kusuuza vikombe.

"Elfu tatu mnanidharau, mwanangu. Wekeni kumi. Ila msicheze kabla ya Krismasi. Kampuni yetu inalipa kuanzia tarehe tano."

Hilo huwezi kulikuta kwa Mauss. Sisi tulikuwa tumekesha kwenye kiasi, na kwake tatizo lilikuwa kalenda. Mshahara wetu wa Desemba huingia mapema, kabla ya sikukuu, na tulikuwa tumeuchukulia kama hali ya hewa, kitu kinachomnyeshea kila mtu.

Wapo walionuna kwamba zawadi ya Krismasi inayotolewa Januari si ya Krismasi tena. Hata hivyo tulibadilishana tarehe 9 Januari, mti wa plastiki ukiwa umesharudishwa stoo. Bosi alipata shuka la mezani na akalifurahia, au alijua kujifanya. Mhasibu alipata kikapu cha ukindu kilichojaa maembe, na mpaka leo ananishuku mimi.