Uso Wako Ndio Kipimo

Wanangu mnaokuja pwani likizo, neno hili nimelisema msimu hadi msimu mpaka sauti imechoka. Leo nalirudia kwa sababu bado nawaona watu wakishuka mashuani kule kisiwani Mnemba na miwani ya kuzamia isiyowakaa usoni. Nitasema taratibu, nanyi nisikilizeni taratibu. Miwani huchaguliwa kwa uso wa atakayeivaa. Rangi haikuambii kitu, bei haikuambii kitu, na iliyomfaa rafiki yako huenda isikufae wewe.

Kwanza kijueni chombo chenyewe. Jicho la binadamu likigusana na maji huona ukungu mtupu. Linahitaji hewa mbele yake, na kazi ya miwani ni kuitunza hewa hiyo. Ile midogo ya bwawani, inayofunika macho peke yake, msizamie nayo baharini. Kadiri unavyoshuka ndivyo maji yanavyokukandamiza, na ukifika mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Hewa iliyomo hubanwa, na miwani huanza kuyavuta macho. Miwani ya kuzamia hufunika na pua, ili utoe pumzi kidogo kwa pua kuweka sawa shinikizo, na uweze kuibana pua masikio yakianza kuuma. Kama pua haimo ndani, iacheni dukani.

Kisha shikeni pindo lake, ile sehemu laini inayolala usoni. Pindo la silikoni hukunjika kwa kidole na kurudi lilivyokuwa. La plastiki ngumu hukwaruza ngozi na halifuati mashavu. Likipigwa na jua siku nyingi hukakamaa zaidi, na maji hupata njia. Kioo kiwe kile kilichoimarishwa kwa moto, ambacho hata kikivunjika hakitoi vipande virefu vyenye ncha karibu na macho yako.

Sasa kuna jaribio ambalo halina gharama, na ndilo watu wanaloliruka. Inua uso utazame juu, weka miwani usoni bila kupitisha mkanda kichwani. Pitisha kidole pembeni, chini ya macho na chini ya pua, uone kama kuna mwanya. Halafu vuta pumzi kidogo kwa pua, uizuie, inamisha uso, na uachie mkono. Miwani ikibaki imenata, hiyo inaongea na uso wako. Ikidondoka, irudishe, hata kama ni nzuri kiasi gani. Rudia jaribio ukiwa umeuma mrija wa kupumulia, maana mdomo ukibeba mrija mashavu hubadilika umbo. Sikilizeni pia paji la uso na mfupa wa pua: penye kubana kidogo dukani, baada ya nusu saa majini patauma.

Mkanda, wanangu, si wa kukaza. Naona watu miwani ikivuja wanavuta mkanda, ikizidi kuvuja wanavuta tena, mpaka uso unabaki na alama. Mkanda ukikazwa mno hulipinda pindo, na pindo likipinda ndipo maji yanapoingia. Upite nyuma ya kichwa juu ya masikio, ukae bila kubana. Maji yakiendelea kuingia, tafuteni sababu: unywele ulionaswa, ukingo wa ushungi au kofia uliopita chini ya pindo, sharubu nene, au kucheka, kwa kuwa kicheko hulikunja shavu. Mwenye miwani ya kusomea asiivae ndani, maana vishikio vyake hufungua mwanya. Ipo miwani ya kuzamia yenye vioo vya namba, aitafute hiyo.

Mtaniuliza kuhusu ile inayofunika uso mzima. Ilienea baada ya kampuni ya Decathlon ya Ufaransa kuitoa mwaka 2014, na wengi huipenda kwa kuwa unapumua kwa pua na mdomo. Lakini hairuhusu kubana pua, kwa hiyo haifai kuzamia chini. Na zile za kuigiza zenye vali mbovu huchanganya pumzi uliyoitoa na unayoivuta, ukapata kizunguzungu ukiwa mbali na mashua. Mimi wanangu nawausia ile ya kawaida na mrija wake.

Kwa nini nayakazania mambo madogo hivi? Kwa sababu maji yakimwingia mtu machoni na puani, hofu humtangulia akili. Huanza kupapatika, husahau kuelea, hunywa maji. Au hutafuta pa kusimama ili arekebishe mkanda, na pa kusimama ni juu ya tumbawe. Matumbawe yale makubwa ya mviringo huongezeka takriban sentimita 1 kwa mwaka. Mguu mmoja huvunja kilichokua tangu mtu huyo hajaanza shule, naye huondoka na jeraha. Kisiwa cha Chumbe kimehifadhiwa tangu 1994 ili viumbe hao wapone. Msiwaumize kwa sababu ya mkanda.

Kuhusu ukungu wa ndani: miwani mipya ina utando wa kiwandani. Isugueni kioo kwa ndani kwa dawa ya meno, msuuze, mrudie mara kadhaa. Kabla ya kuingia majini paka mate ndani, suuza haraka kwa maji ya chumvi, vaa. Mkipumzika iteremsheni shingoni. Ikiwa juu ya paji, wimbi moja linaondoka nayo. Jioni ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke kivulini.

Watoto msiwavishe za wakubwa. Uso mdogo katika pindo kubwa ni maji matupu, na mtoto aliyeogopa siku ya kwanza huichukia bahari kwa muda mrefu. Apewe yake, ajaribu kwanza kwenye maji yanayomfika kiunoni, mkubwa akiwa karibu naye.

Wengi wenu mtakodi. Ombeni kuliona sanduku lote kabla ya safari, mjaribu tatu, nne, mpaka ipatikane inayonata. Mwambieni nahodha asiwashe mashine mpaka kila mmoja, mtoto na mzee, apate iliyomkaa. Akinung'unika, mwacheni anung'unike; nyinyi jaribuni tu. Mwenyezi Mungu awape salama ya kwenda na kurudi.