Takrima, Sadaka na Fedha za Siri

Wasimulizi wa habari za kale za bonde la Luapula hawakosi kumtaja mwanamke aitwaye Nachituti. Kaka yake, Nkuba, aliyekuwa mtawala wa Washila, wavuvi wa Ziwa Mweru, alimwua mwanawe. Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba akauawa, na Nachituti, kwa kushukuru, akampa Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi pamoja na mito na ziwa lake.

Sikileti kisa hiki kwa uzuri wake, maana kina damu nyingi. Nakileta kwa kuwa ndani yake imetolewa zawadi kubwa ya kisiasa, wala hapana kilichofichwa. Mtoaji anajulikana kwa jina, aliyepokea anajulikana, kilichotolewa kinajulikana, na sababu yake pia. Anayetaka kusifu anajua amsifu nani, na anayetaka kulaumu kadhalika. Mambo haya manne yamehifadhiwa kwa vizazi vingi na watu waliotegemea kumbukumbu na ulimi tu. Imekuwaje basi yawe ndiyo yanayokosekana katika hesabu za vyama vya siasa vya zama zetu, vyenye makarani na mabenki?

Tutazame ufuo wenyewe. Nchelenge na jirani yake Kashikishi huishi kwa samaki. Ng'ambo ya ziwa, katika Kongo, iko Kilwa (si ile Kilwa ya pwani yetu), na kaskazini iko Pweto, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni. Kwa hiyo lugha yetu huvuka maji yale pamoja na samaki. Aliyelelewa katika ufuo huo hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya deni. Mchuuzi humpa mvuvi nyavu, naye mvuvi hujua samaki wake watauzwa kwa nani, na bei itasemwa na nani. Hakuna aitaye jambo hilo sadaka. Lakini unapowadia uchaguzi huja vitenge vyenye picha ya mgombea, huja fulana, huja unga, na mvuvi yule yule aliyezijua nyavu kuwa ni deni hutakiwa asadiki kuwa kitenge ni mapenzi matupu.

Wengi wetu hukomea hapo, tukamlaumu mwanamke aliyepokea kitenge. Mimi simlaumu. Amepata mita chache za nguo, na pengine atampigia kura mtu mwingine. Ninalouliza ni nani aliyenunua marobota. Mgombea hakuyanunua kwa mshahara wake. Yuko mtu nyuma yake, naye hakuja ufuoni, hakupanda jukwaani, wala picha yake haimo katika kitenge.

Sheria ya Zambia inamwona vizuri yule wa mbele. Sheria ya Mwenendo wa Uchaguzi ya mwaka 2016 inakataza kumhonga mpiga kura. Huyo wa nyuma je? Katiba ilivyorekebishwa mwaka huo huo, katika ibara ya 60, iliagiza kwamba sheria iweke taratibu juu ya vyanzo vya fedha za vyama na kiwango cha juu cha matumizi ya kampeni. Agizo ni zuri. Lakini uchaguzi wa 2016 ulifanyika, na wa 2021 ukafanyika, bila ya sheria hiyo kutungwa. Mvuvi wa Mweru hupimiwa tundu la wavu wake, na kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari huzuiwa kabisa kuvua ili samaki wazaane. Wavu wa fedha haukupimwa tundu katika chaguzi hizo mbili.

Kwamba jambo hili si la kubuni, tunao mfano wa mtu aliyesoma sekondari Kawambwa, wilaya iliyo jirani na Nchelenge. Frederick Chiluba alikuwa Rais wa Zambia tangu 1991 hadi mwanzoni mwa 2002. Baada ya kuondoka madarakani alishtakiwa kuhusu fedha zilizopitia akaunti iliyoitwa Zamtrop, katika tawi la London la Benki ya Taifa ya Biashara ya Zambia. Serikali ilidai kuwa zilitoka hazina. Yeye alijitetea kuwa katika akaunti ile mlikuwamo pia fedha zake, alizopewa na watu waliomtakia heri. Majina yao hakuyataja. Mei 2007 jaji wa London, Peter Smith, aliukataa utetezi huo na kuamua, katika kesi ya madai, kwamba yeye na wenziwe waliilaghai nchi yao kiasi cha dola milioni 46. Agosti 2009 hakimu wa Lusaka, katika kesi ya jinai, alimwachia huru kwa kuona haikuthibitishwa kwamba fedha alizoshtakiwa kuziiba zilikuwa za serikali. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Zambia ilikataa kuisajili hukumu ya London. Mwaka 2011 Chiluba alifariki dunia.

Sitaki kumhukumu marehemu. Kila msomaji achague hukumu anayoiamini. Watu wale wema watabaki bila majina. Ikiwa walikuwapo, basi walimpa Rais fedha, na wananchi hawajui walipewa nini badala yake. Ikiwa hawakuwapo, basi "mtu mwema asiyetajwa" ni shuka inayoweza kufunika mzigo wowote. Sheria isiyodai jina huwafanya mkarimu na mwizi wafanane, na hasara ya kwanza humpata mkarimu.

Nimepata kusikia ikisemwa kwamba kutoa kwa siri ni uungwana, na kwamba dini zetu zinasifu sadaka isiyotangazwa. Ni kweli zinaisifu. Lakini tuchunguze siri ile inamficha nani na inamficha kwa nani. Mtoa sadaka hujificha machoni pa kadamnasi ili asijivune, na mara nyingi hujificha hata kwa maskini mwenyewe, ili maskini asijione mtumwa wake. Mfadhili wa kampeni hafanyi hivyo. Mgombea anamjua barabara, anaijua na nambari yake ya simu. Asiyemjua ni mlipa kodi tu, ambaye kesho, mkataba au leseni itakapotolewa, ndiye atakayeirudisha fedha ile pamoja na faida. Siri ya sadaka humwondolea mpokeaji deni. Siri ya kampeni huliacha deni pale pale, ikamficha atakayelilipa.

Hapa walimu wa lugha tunahusika, maana uovu wa namna hii hupenda kuazima maneno mema. Tanzania mwaka 2000 ilirekebisha Sheria ya Uchaguzi ili mambo yafanywayo kwa nia njema kama takrima ya kawaida au ya kimila yasihesabiwe rushwa. Takrima ni ndugu wa ukarimu na karama; ni heshima afanyiwayo mgeni na mwenyeji wake. Lakini katika kampeni mgeni ni nani? Mgombea ndiye anayekuja kijijini kwa watu! Ikiwa ni takrima, wanakijiji ndio wangemchinjia kuku. Sheria ilibakiza neno ikageuza mkono. Mashirika ya kutetea haki yalikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu vile kuwa kinyume cha Katiba, pamoja na mengine kwa sababu viliwabagua wagombea wasio na mali. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010, nayo inataka michango mikubwa itajwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kenya nao walitunga yao mwaka 2013, lakini uchaguzi wa 2017 na wa 2022 ulipita bila viwango vyake kutumika.

Iko hoja moja ya upinzani ambayo siwezi kuipuuza. Mfanyabiashara anayekichangia chama kisicho madarakani, jina lake likitangazwa, anaweza kunyimwa leseni au kuandamwa na watoza kodi. Kwake siri ni ngao. Hofu hiyo ni ya haki, na anayeidharau hajaishi katika nchi zetu. Hata hivyo ngao hiyo hiyo humkinga na yule anayekipa chama tawala mamilioni ili apewe zabuni, na huyo ndiye mwenye mamilioni. Naona mchango mdogo usitajwe, ili mwalimu au muuza duka atoe bila woga. Ule mkubwa utajwe kabla ya kura kupigwa, si baada ya mwaka. Tutabishana, bila shaka, juu ya mpaka kati ya mdogo na mkubwa. Lusaka watautaja kwa hesabu zao. Kule Kashikishi, kwa mvuvi wa wale dagaa waitwao chisense, bei ya mashine moja ya boti tayari ni kubwa.