Geuza Jani Kabla ya Kushika Bomba

Kijana mmoja alikodi shamba kandokando ya Mto Ruvu akapanda matango. Mbegu zilikuwa nzuri, maji hayakumkatikia, na miche ilitambaa hata wapita njia wakawa wanasimama kuitazama. Jirani yake, mama mtu mzima aliyelima bonde hilo miaka mingi, alimwita jioni moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umewaona nondo weupe wanaoruka usiku? Wale wenye ukingo mweusi kwenye mabawa na kishada cha manyoya mkiani? Kesho geuza majani uangalie chini."

"Mama, nondo hali jani. Nikiona matundu nitapiga dawa."

Kweli, nondo hali jani. Lakini jike hutaga mayai madogo mno upande wa chini wa jani, na baada ya siku chache viwavi huanguliwa. Mwanzoni hukwangua jani kwa chini, likabaki ngozi nyembamba. Wakikua huwa wa kijani, na mistari miwili myeupe mgongoni. Huvuta majani, huyashona kwa nyuzi zao na kula wakiwa wamejificha humo. Kisha huingia kwenye maua, hukwangua maganda ya matunda na hata kuyatoboa. Baada ya wiki mbili hivi, kiwavi hugeuka pupa ndani ya jani lililokunjwa. Kama wiki moja baadaye hutoka nondo mpya, tayari kutafuta mwenzake na kutaga. Kwenye joto, mzunguko wote huweza kwisha ndani ya mwezi mmoja.

Kijana alipoyaona matundu, viwavi wakubwa walikuwa wameshajifungia. Alikimbilia duka la pembejeo akachukua sumu kali, akapiga saa tatu asubuhi, wakati maua yamefunguka na nyuki wako kazini. Sumu haikuwafikia viwavi ndani ya majani yaliyoshonwa. Iliwafikia nyuki, na pia nyigu wadogo ambao hutaga mayai yao ndani ya viwavi na kuwaua. Akarudia dawa ileile, akiongeza kipimo kila mara.

Ua jike la tango hufunguka siku moja tu. Lisipopata chavua ya kutosha, tunda hudumaa au hupinda. Siku ya mavuno, matango mengi yalikuwa yamepinda, na yaliyonyooka yalikuwa na makovu. Dalali alichagua machache, mengine akayaacha. Kwa hasira kijana aliitelekeza mitambaa shambani, akapanda matango mengine pembeni yake. Viwavi na pupa waliobaki kwenye mitambaa ile wakamaliza safari yao, na nondo wakahamia kwenye miche michanga.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Adui huyu ana udhaifu, ila muda wa kuutumia ni mfupi: siku zile za mwanzo kabla hajajishonea jani. Kwa hiyo kagua shamba angalau mara mbili kwa wiki tangu miche ianze kutambaa. Ponda mayai na viwavi wadogo kwa vidole. Majani yaliyoshonwa yachume, uyachome au uyafukie chini kabisa. Ikibidi dawa, ile ya bakteria aitwaye Bt huua viwavi wanaoila na haiwadhuru nyuki. Ipige jioni, kwa sababu jua kali huiharibu, nayo ifike chini ya majani. Usipige sumu yoyote asubuhi maua yakiwa wazi. Ukikuta funza weupe wasio na miguu ndani ya tunda, hao ni wa nzi wa matunda, na dawa ya viwavi haitakusaidia.

Ukimaliza kuvuna, ng'oa mitambaa yote mara moja, kisha msimu unaofuata panda mahindi au maharage hapo. Matango, matikiti na maboga yote ni chakula cha nondo huyuhuyo. Kubadilisha moja kwa jingine si kubadilisha zao.