Jenerali wa Nani?

Kilimani Nyanza, hapa Kicukiro, Kigali, kuna bustani ya mawe yaliyowekwa kwa ajili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Watutsi. Kila kijana anayetamani nyota mabegani ningempeleka pale kwanza, kabla hajajifunza kupiga saluti.

Mwezi wa Aprili 1994, watu wapatao 2,000 walikimbilia shule ya ufundi ya ETO, chini ya ulinzi wa wanajeshi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 wanajeshi hao walipanda magari yao wakaondoka. Wakimbizi wakaswagwa hadi Nyanza, na huko wakauawa, wakabaki wachache wa kusimulia. Ubelgiji iliondoa majeshi yake kwa sababu tarehe 7 askari wake kumi walikuwa wameuawa, asubuhi ileile aliyouawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana waliyetumwa kumlinda. Mauaji ya askari hao na ya Waziri Mkuu yalikuwemo katika mashtaka dhidi ya Meja Protais Mpiranya, kamanda wa Kikosi cha Walinzi wa Rais.

Katika kikosi hicho alikuwemo pia Sylvestre Mudacumura, aliyewahi kuwa naibu kamanda wake. Julai 1994 jeshi lao lilishindwa, likavuka mpaka kuingia Zaire, Kongo ya leo. Tangu hapo hapakuwa na serikali iliyowalipa mshahara wala bendera iliyowatambua, lakini vyeo viliendelea kupanda msituni. Mudacumura akawa jenerali. Jenerali wa nani? Wa watu wasioweza kumwambia hapana.

Novemba 2003 mlango ulifunguka. Paul Rwarakabije, aliyekuwa akiongoza wapiganaji wa FDLR, kundi la waasi lililotokana na mabaki ya jeshi hilo huko Kongo, alivuka kurudi Rwanda na baadhi ya watu wake. Miaka kadhaa baadaye mtu huyo aliyeipiga vita serikali alikabidhiwa uongozi wa magereza yake yote. Mudacumura hakumfuata. Alikikalia kiti kilichoachwa wazi.

Tarehe 1 Novemba 2005, Umoja wa Mataifa ulimtia kwenye orodha ya vikwazo: asisafiri, mali yake izuiliwe. Ni rahisi kucheka. Umfungie akaunti mtu anayelala porini? Lakini orodha ile haikumlenga yeye peke yake. Ilimfikia pia rais wa FDLR, Ignace Murwanashyaka, aliyeishi Ujerumani na kuwasiliana na msitu kwa simu. Alikamatwa mwaka 2009, na mawasiliano yale yale yakageuka ushahidi katika mahakama ya Stuttgart. Julai 2012 ikaja hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kumkamata Mudacumura, kwa makosa tisa ya kivita dhidi ya wanavijiji wa Kivu. Marekani ikaahidi hadi dola milioni 5 kwa atakayesaidia akamatwe. Fikiria kulala kila usiku katikati ya watu wenye njaa, huku kichwa chako kikiwa na bei hiyo.

   

Mwaka 2016 FDLR ilipasuka, na sehemu kubwa ya wapiganaji wakaenda zao kuunda kundi jingine. Mudacumura alibaki na waliobaki. Usiku mmoja wa Septemba 2019, jeshi la Kongo lilimuua huko Rutshuru. Kwenye orodha ya vikwazo aliandikwa kwa majina kadhaa, Mupenzi likiwa mojawapo. Askari huanza kazi kwa kujitolea kufia jina la nchi yake. Huyu alimaliza akilificha la kwake.

Na kamanda wake wa zamani? Mpiranya alitafutwa hadi Mei 2022. Waendesha mashtaka walimpata Harare, katika kaburi alimolala tangu 2006. Ilibidi lifukuliwe, vinasaba vipimwe, ndipo ijulikane ni yeye, kwa kuwa jina lililoandikwa kwenye jiwe lilikuwa la mtu mwingine.