Je, Mmea Waweza Kumbebea Mja Dhamana?

Msafiri atokaye Garsen kuelekea Ndera, akiingia katika vivuli vya msitu wa Mto Tana, huiona mimea itambaayo ikiparamia mikuyu na mikindu hata vileleni, ikilitafuta jua kwa migongo ya miti mingine, wala hamna mwanadamu aliyeiamuru. Mimea ya jamii hii ndiyo inayosifiwa leo kwamba, ikiwekwa chumbani, huisafisha hewa. Na hapo ndipo lizukapo suali la kidini, je, mja aliyekabidhiwa hewa kuwa amana aweza kuihawilisha dhamana yake kwa kiumbe asiye na taklifu, yaani asiyewajibishwa na dini?

Asili ya sifa hizo yajulikana. Mnamo 1989 mtaalamu wa Kimarekani, Bill Wolverton, wa NASA, idara ya anga ya nchi ile, alieleza kwamba mimea kadhaa ya nyumbani, aivi na pothosi zikiwamo, ilipunguza benzini na formaldehidi ndani ya masanduku yaliyofungwa barabara, na kwamba vijidudu vya udongoni, penye mizizi, vilikuwa na sehemu yao katika kazi ile. Lakini nyumba si sanduku. Mwaka 2019 wachunguzi wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, baada ya kupitia majaribio ya miongo mitatu, walikadiria kwamba ili mimea ilingane na hewa ipitayo jengoni kwa kawaida, ingelazimu kuweka baina ya 10 na 1,000 katika kila mita ya mraba ya sakafu. Na mwenye nyumba, nadhani, angelala nje. Wengine, huko Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2018, waliitia pothosi jeni ya sungura ili iweze kuivunjavunja benzini. Ni elimu ya kustaajabisha, ila haijaliondoa suali letu.

Kwani huku Ndera adui mkuu si rangi ya ukutani wala gundi ya samani, bali ni moshi wa kuni, pamoja na makaa, yakiwamo yale ya mti wa mathenge, ambayo moshi wake ni haba lakini hutoa kaboni monoksaidi isiyoonekana wala kunuka. Nyumba ya Kipokomo ya kale, iliyoezekwa kwa nyasi, ilipumua yenyewe. Chumba cha simiti na mabati, dirisha likifungwa kwa hofu ya mbu, hakipumui. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na wanaoivuta zaidi ni mama mpishi na mtoto aliye mgongoni mwake.

Mafakihi wamekubaliana kwamba madhara hayana budi kuondolewa, na insafu yataka aondoe yule aliyeyaleta. Baba anunuaye mmea wa kupamba sebule, hali jiko la mkewe halina tundu la kutolea moshi, hajatekeleza wajibu wake, hata majani yakistawi vipi. Siuchukii mtambuu uliopanda ukutani, tena huupenda. Bali hautaulizwa siku ya hesabu. Basi, enyi wenye nyumba, pesa ya kwanza iwe ya dirisha lenye wavu wa mbu na jiko lenye dohani. Mmea na ununuliwe kwa chenji.