Bei ya Gari Hushuka, Bei ya Spea Haishuki

Shemeji yangu ni mtu makini. Kwa kazi ni mhasibu, na katika ukoo wetu ndiye tunayempa daftari la michango ya harusi na misiba, kwa sababu shilingi ya mtu haipotei mikononi mwake. Ninaanza na hilo ili msomaji asidhani kwamba yaliyomkuta huwakuta wazembe peke yao. Yangeweza kunikuta mimi, yangeweza kukukuta wewe. Hamu ya gari zuri humfumba macho hata mtu anayeishi kwa kuhesabu. Ameniruhusu nisimulie, mradi nisimtaje jina.

Alihitaji gari la familia: mke, watoto wanne, mama yake mzazi, na safari ya Moshi kila Desemba. Akaliona kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam: gari la kifahari la Ulaya, la ukubwa wa kati, daraja la akina BMW X3, Audi Q5 na Volvo XC60. Viti vya ngozi, paa la kioo, injini ya lita 3, magurudumu yote manne yanavuta. Umri wake ulizidi miaka kumi. Bei ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi milioni 40, karibu sawa na Toyota Harrier ya rika lake. Akajiuliza: kwa fedha ileile, kwa nini nisipande daraja?

Swali hilo lilikuwa na mtego. Gari la aina hii hupoteza thamani haraka. Likifika miaka kumi, bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya dukani. Lakini kompresa yake, giaboksi yake na kompyuta zake hazishuki bei kwa kasi hiyo. Anayelinunua kwa bei ya gari la kawaida bado atalitunza kwa bei ya gari la kifahari. Hesabu hiyo shemeji hakuipiga, ingawa gari lenyewe lilimpa kila sababu ya kuipiga.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu siku ile yalikuwa mengi.

Alikuwa ametoa taarifa mapema kwamba anakwenda, lakini alipofika alikuta injini tayari ina moto. Dalali aliyekuwa akiliuza alimwambia ametoka kulisogeza. Injini inapaswa kuwashwa mbele yako ikiwa baridi, maana hapo ndipo mnyororo uliolegea hugonga na oili inayoungua hutoa moshi wa bluu. Ikishapata moto, mengi hujificha.

Kisha akaona upande mmoja wa nyuma umelala chini kuliko mwingine. Dalali akawasha, gari likainuka taratibu, naye akasema ndivyo yalivyo magari ya shokapu za hewa. Si kweli. Gari zima la namna hiyo hukaa sawa hata likiwa limezimwa. Likilala upande, kuna hewa inavuja.

Matairi manne yalikuwa ya kampuni tatu tofauti, mengine mapya, mengine yameisha. Spidi mita ilionyesha kilometa 78,000, ilhali mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi laini na usukani unang'aa kwa kushikwa. Kitabu cha sevisi hakikuwapo. Jina kwenye kadi ya gari halikuwa la aliyekuwa akiuza.

Dalili kubwa kuliko zote ilitoka kwa fundi aliyekwenda naye. Alichomeka mashine ya kupimia, hakuona hitilafu hata moja, lakini hakufurahi. "Bosi," alisema, "kumbukumbu ya kompyuta imefutwa juzijuzi. Vipimo vyake vya ndani havijakamilika. Tuliendeshe siku mbili tatu, tupime tena." Fundi huyo alijua kazi yake. Mtu akifuta hitilafu kwa mashine, taa ya injini huzimika, lakini kompyuta huonyesha kwamba bado haijamaliza kujikagua upya. Dalali akadakia kwamba kuna mteja yuko njiani kutoka Dodoma na fedha taslimu. Shemeji akaogopa kulikosa gari kuliko alivyoogopa kulipata likiwa bovu.

Jioni ile mkewe alimuuliza neno moja tu: "Baba, likituharibikia Same, nani atalitengeneza?" Akamjibu kwamba magari kama yale hayaharibiki ovyo. Kesho yake akachukua mkopo wa SACCOS, akalipa.

Kompresa ya hewa ndiyo ilikufa kwanza. Shokapu moja ikivuja, kompresa hufanya kazi muda wote kufidia hewa inayopotea, mpaka inaungua. Uvujaji ambao ungegharimu shokapu moja ukala na kompresa juu yake. Baadaye likaanza kutikisika kwenye kona. Magari mengi yanayovuta magurudumu manne hutaka matairi ya mzingo unaolingana. Yakitofautiana, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma hulazimika kupambana nayo, likachakaa kabla ya wakati wake.

Kisha ikaja safari ya Desemba. Walipita Chalinze, Segera na Korogwe salama. Mbele ya Mombo taa ya joto ikawaka. Injini nyingi za kisasa za Ulaya zina mabomba na vifuniko vya plastiki kwenye mfumo wa maji. Miaka ikipita, plastiki hiyo hukakamaa na kupasuka. Bomba lilikuwa limepasuka. Angezima pale pale angeiokoa injini, lakini watoto walikuwa wamechoka, jua kali, akaongeza maji na kusogea kidogo kidogo akitafuta gereji. Silinda hedi ikapinda.

Gari lilirudi Dar es Salaam juu ya lori. Spea aliyoikosa Gerezani na Kariakoo iliagizwa nje, akaisubiri wiki kadhaa. Gharama zote zilipokusanywa zilifika karibu nusu ya bei aliyonunulia. Na muda wote huo gari limelala gereji, SACCOS iliendelea kukata mshahara wake. Ada ya shule ya muhula ule ililipwa kwa kuuza kiwanja.

Sisemi kwamba magari haya ni mabaya. Yametengenezwa kwa ustadi, na aliyelinunua likiwa na historia safi, akalihudumia kwa wakati, hufurahi nalo kwa miaka. Ninachosema ni kwamba lazima yapimwe kwa kipimo chake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza bei ya gari, uliza bei ya spea zake tano: kompresa ya hewa, shokapu moja, pampu ya maji, turbo na giaboksi. Ziandike kwenye karatasi. Kama kuharibika kwa mbili kwa pamoja kutatikisa ada ya watoto, gari hilo bado si lako. Ongeza bima kubwa, kwa kuwa bima ndogo haitakurudishia gari lako ukipata ajali.

Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, tazama umri. Kwetu Tanzania gari dogo la abiria lililofikisha miaka minane hubeba ushuru wa ziada wa uchakavu, na injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa zaidi. Kenya hairuhusu kabisa gari lililozidi miaka minane. Piga hesabu ya TRA kabla ya kutuma fedha.

Tafuta historia. Gari lililotoka Uingereza huwa limekaguliwa kila mwaka tangu lilipofikisha miaka mitatu, na ukiwa na namba yake ya usajili ya kule unaweza kuona bure mtandaoni kilometa zilizoandikwa kila ukaguzi. Kilometa zikirudi nyuma, ondoka. Inama pia utazame kutu chini yake, kwa maana barabara za kule humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari la Japani lililopitia mnada lina karatasi ya mnada. Herufi R kwenye daraja lake ina maana liliwahi kupata ajali na kutengenezwa.

Usisahau mifuko ya hewa ya usalama. Vilipuzi vya kampuni ya Takata, iliyofilisika mwaka 2017, vilifanya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yaitwe kurekebishwa, kwa sababu kemikali yake huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, kisha chuma chake hupasuka na kumrushia dereva vipande. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu. Kampuni nyingi za magari zina ukurasa wa kuingiza namba ya chasisi na kuona kama kuna marekebisho yanayosubiri. Fanya hivyo, ni dakika chache.

Na kama moyo unataka raha lakini mfuko una mipaka, njia ya kati ipo. Lexus RX ya vizazi viwili vya mwanzo ndiyo Harrier iliyouzwa Japani kwa jina la Toyota, na mafundi wetu wameizoea, spea zake wanazijua.

Mwisho, msikilize fundi wako hata anapokuambia usilolipenda, na mpe nafasi mwenzi wako aulize anachotaka kuuliza. Mpeleke muuzaji kwenye gereji uliyoichagua wewe. Akikataa, jibu umelipata. Mteja wa Dodoma na aje alichukue. Yadi zina magari mengi, na gari jingine litakuja. Ada ya mtoto haina ya akiba.